Sahani ya Lupe

Mwezi wa pili, mama yake alipoondoka kwenda Australia kuchuma matunda, Lupe Fonokalafi alikuwa na kilo kumi na sita na nusu. Jumatatu ya kwanza ya mwezi wa tano alipanda mizani ya kliniki ya Ohonua akiwa na gauni la kanisani, kwa sababu ndilo pekee lililokuwa safi, na Nesi Toakase akasoma kumi na nne. Akamshusha, akaitikisa mizani, akampandisha tena. Kumi na nne.

“Anakula nini huyu?”

“Anakula,” alisema baba yake.

“Baba Lupe, sikuuliza kama anakula. Nimeuliza anakula nini.”

Lisiate alifikiri. “Biskuti,” alisema. “Na chai.”

Nesi aliliandika jibu hilo kwenye kadi ya mtoto kama lilivyo, bila kuongeza wala kupunguza.

Lisiate Fonokalafi ana miaka thelathini na sita na ni mpasua mbao katika kiwanda kidogo kando ya msitu wa misonobari, hapa kisiwani Eua. Si msemaji. Wenzake kiwandani husema akikusalimia mara mbili kwa siku moja, mpeleke hospitali, ana homa. Lupe alipozaliwa yeye mwenyewe alikuwa Australia, akichuma matunda msimu baada ya msimu, na aliporudi kukaa, mtoto alikuwa na miaka miwili na alimkimbia akajificha nyuma ya sketi ya mama yake. Mwaka uliofuata gogo lilimvunja Lisiate kifundo cha mkono. Mkono ulipona lakini daktari wa waajiri wa kule Australia hakuupitisha, na nafasi yake akapewa mkewe, Meleane, kwa mkataba wa miezi tisa. Walikubaliana wote wawili. Nyumba ilihitaji paa jipya na tangi la maji, na mashamba ya kule siku hizi yanawapenda wanawake kwa kufungasha.

Kitu ambacho hawakukizungumza, kwa kuwa hakuna aliyekifikiria, ni jinsi Lupe alivyokuwa akila. Tangu aachishwe ziwa hakuwahi kuwa na sahani yake. Alikula kwenye sahani ya mama. Meleane alimega gimbi, akaling'ata kidogo kupima moto, akampa lililobaki. Hivyo hivyo kwa samaki, kwa muhogo, kwa shelisheli. Meleane alipopanda boti, Lisiate alimpakulia mtoto chakula kwenye sahani ya plastiki, akaiweka mbele yake, akaenda kukaa na yake upande wa pili wa chumba, kama baba yeyote anavyokaa. Lupe aliitazama sahani. Kisha alimtazama baba yake. Kisha akaomba biskuti.

Kumwita aje ale pamoja naye halikuwa jambo la kufikiria. Kwetu mtoto hali chakula cha baba yake wala makombo yake. Hamgusi kichwa, halalii mto wake. Anayekula mabaki ya baba yake huvimba koo. Hakuna anayekumbuka ni lini alifundishwa haya, na Lupe, kwa miaka yake minne, alikuwa ameshayajua.

Kabla ya wiki kuisha simu ililia kutoka Nuku'alofa, mji mkuu, kisiwa cha pili. Alikuwa dada yake Lisiate, Kalolaine, mwalimu wa shule ya msingi, mkubwa wake kwa miaka sita. Nesi Toakase ni binamu yao, na Eua ni ndogo.

“Nimeambiwa mtoto amebaki mifupa.”

“Amepungua kidogo, dada.”

“Kilo mbili na nusu si kidogo. Atapimwa tena lini?”

“Jumatatu ya pili ya mwezi ujao.”

“Akiwa hajaongeza, namchukua. Utamwambia Meleane.”

“Ndiyo, dada.”

Hakuna jibu jingine. Shangazi ni mkubwa wa watoto wa kaka yake kuliko huyo kaka mwenyewe. Kwenye harusi zao ndiye anayekaa mbele, kwenye misiba ndiye anayeamua, na akimtaka mtoto amlee, baba haombi muda wa kufikiri. Tena Kalolaine si mtu mbaya. Nyumba yake ina vitabu, ina maji ya bomba, na yeye na mumewe hawakujaliwa kuzaa. Miaka tisa iliyopita alimchukua Etuate, mtoto wa mdogo wao, kwa muhula mmoja wa shule. Sasa Etuate ana miaka kumi na tano, ni wa kwanza darasani, anamwita Kalolaine mama, na akija Eua kwa sikukuu huuliza choo kiko wapi.

Hilo ndilo Lisiate alilolifikiria alipokata simu. Choo.

Nesi Toakase, ambaye huenda alijutia mdomo wake, ndiye aliyempeleka kwenye kikao cha akina baba. Kilikuwa kinafanyika kila Jumanne saa kumi alasiri katika banda la kufungashia maboga, ambalo hukaa tupu mpaka msimu wa mavuno. Wanawake wa kijiji walikuwa wamewapa jina wale wanaume: Wajane wa Jumanne, kwa kuwa siku hiyo walionekana na watoto bila wake zao. Walikuwa kumi na mmoja. Masharti yalikuwa matatu tu: uje na mtoto, usije umekunywa kava, kile kinywaji chetu cha mizizi kinacholegeza mwili, na ukipewa kazi ya nyumbani uje useme ukweli imekwendaje.

Mwalimu wao alikuwa Sateki, bwana misitu mstaafu, mtu mwembamba mwenye miwani iliyofungwa waya. Siku ya kwanza alijitambulisha hivi:

“Nina watoto saba. Wawili hawazungumzi na mimi. Hiyo ndiyo sifa yangu ya kufundisha. Mwenye sifa kubwa kuliko hiyo anyooshe mkono, nimpishe.”

Hakuna aliyenyoosha.

Sateki alikuwa na kitabu cha mafunzo kilichoandikwa ng'ambo na kutafsiriwa kwa lugha yetu, chenye picha za akina baba wanaocheka sana. Somo la kwanza lilikuwa kukaa. Aliwaambia wote waketi chini na watoto wao wasimame, kisha wazungumze nao dakika tano wakiwa hivyo, baba chini, mtoto juu. Kwa watu ambao mdogo hujiinamisha hata anapopita mbele ya mkubwa, palikuwa na kazi hapo. Wanaume walikohoa, wakarekebisha mikeka ya heshima waliyojifunga kiunoni. Inoke, dereva wa lori la bandarini, mtu wa kilo mia moja na thelathini, alilalamika kwamba hata akikaa bado ni mrefu kuliko mwanawe.

“Basi lala,” alisema Sateki.

Inoke akalala. Mwanawe akamkalia tumboni.

Kazi ya wiki ya pili ilikuwa robo saa ya mchezo kila siku, mtoto ndiye anayeamua. Jumanne iliyofuata walitoa taarifa. Mtoto wa Inoke alikuwa ameamua baba awe nguruwe.

“Nimefungwa kamba mguuni, nikapelekwa nyuma ya nyumba. Robo saa nzima. Mke wangu badala ya kunifungua ananipiga picha, anawatumia dada zake.”

“Na mtoto?”

“Mtoto hajawahi kufurahi hivyo. Sasa kila nikirudi kazini ananisubiri na kamba.”

Zamu ya Lisiate ilipofika, alisema, “Aliniambia nikae. Nikakaa. Akaondoka.”

Banda lilicheka. Hata watoto walicheka kwa kuwa baba zao wanacheka.

“Wewe ukafanyaje?” aliuliza Sateki, ambaye hakucheka.

“Nilikaa mpaka robo saa ikaisha.”

“Kila siku?”

“Kila siku.”

“Na yeye?”

“Jana alirudi. Aliniwekea jiwe mkononi. Kisha akaondoka tena.”

Sateki alivua miwani akaifuta. “Endelea kukaa,” alisema.

Lisiate aliendelea. Aliacha kupitia kwenye mduara wa kava Ijumaa baada ya kazi, akawa anafika nyumbani saa tisa na nusu, anaoga, anakaa pale aliponyooshewa kidole. Mawe yakawa mawili, kisha matano. Siku moja Lupe alikaa karibu naye, akayapanga mawe kwa ukubwa, bila kusema neno. Lakini chakula alikuwa bado hagusi, zaidi ya biskuti na kipande cha ndizi ambacho Lisiate alikiacha juu ya meza na kujifanya amekisahau.

Somo la nne ndilo lililoleta balaa. Sateki alifungua kitabu kwenye ukurasa uliokuwa na picha ya baba na mtoto mezani, akasoma kwa sauti: “Kula pamoja na mtoto wako. Mlo mmoja kwa siku mle kwenye sahani moja. Mpe kipande kutoka kwenye chakula chako mwenyewe, ili aone kwamba...”

Hapo alinyamaza. Alikuwa ameshausoma ukurasa ule nyumbani mara mbili, lakini ni sauti yake mwenyewe iliyomgutusha.

“Sateki,” alisema Inoke taratibu, “unataka watoto wetu wavimbe makoo?”

“Nimesoma kilichoandikwa.”

“Aliyeandika ana watoto?”

“Ana watoto wa kwao,” mwingine alisema. “Wa kwao makoo yao ni ya chuma.”

Walicheka, Sateki akageuza ukurasa, akasema somo hilo tuliruke, tutazungumza juu ya kulala mapema. Watu kumi waliliruka. Lisiate hakuliruka. Kwenye vikao vyote vile lile lilikuwa jambo la kwanza lililomgusa yeye hasa: mtoto asiyekula, na mtu wa kitabu anayesema namna ya kumlisha. Siku ya mizani ilikuwa imebakiza wiki mbili.

Jioni ile alipika magimbi na samaki kwa tui. Alipakua sahani moja. Alikaa chini, akamega gimbi, akaling'ata kidogo kama alivyomwona Meleane akifanya, akamnyooshea mtoto lililobaki.

Lupe alirudi nyuma mpaka mgongo ukagusa ukuta. Alijifunga mdomo kwa mikono yote miwili.

“Chukua, mama. Ni tamu.”

Alitikisa kichwa. Machozi yalianza bila sauti. Lisiate, akidhani ni ukaidi wa siku zote, alimsogelea na kumgusisha lile gimbi kwenye midomo. Mtoto alipiga yowe ambalo jirani alilisikia. Ikaingia chembe ndogo, akaitema. Usingizi ulimchukua akiwa bado ameshika koo lake.

Alhamisi koo likavimba.

Nesi Toakase alilimulika kwa tochi akasema ni tezi, kuna watoto sita wengine wana kitu hichohicho wiki hii, akaandika dawa ya kunywa mara tatu. Lakini jirani alikuwa ameshapita madukani. Kufikia mchana, kijiji chao chote cha Petani kilijua kwamba Lisiate amemlisha mwanawe makombo yake, na kufikia saa kumi Nuku'alofa ilijua pia.

“Ni kweli?” aliuliza Kalolaine kwenye simu.

“Ni kweli, dada.”

“Sitakutukana,” alisema. “Nakuja Jumamosi ya wiki ijayo. Jumatatu tutakwenda wote kwenye mizani, lakini nguo zake zifunge mapema.”

Siku iliyofuata nesi alimpima mtoto tena kwa ajili ya dawa. Kumi na tatu na robo.

Jumanne Lisiate nusura asiende bandani. Alikwenda kwa sababu Lupe, akiwa bado ana joto kidogo, alisimama mlangoni amevaa ndala, akisubiri. Yeye Jumanne alikuwa anaipenda, kuna watoto wengine. Lisiate alisimama mbele ya wenzake akaeleza alichokifanya, sentensi nne. Hakuna aliyecheka.

“Kosa ni langu,” alisema Sateki. “Niliusoma ukurasa halafu nikaufunga kama mtu anayefunika sufuria inayoungua. Ningewaambia tukae tulitazame. Haya, tulitazame. Mtoto hali cha baba. Hilo kitabu hakilijui, sisi tunalijua. Sasa baba afanye nini?”

Walibishana. Mmoja alisema ampeleke mtoto kwa bibi wa jirani amlishe. Mwingine alisema amnunulie soseji, hakuna mtoto anayekataa soseji. Inoke alikuwa amempakata mwanawe, ambaye alikuwa amechoka na mkate wake na kuutupa. Inoke aliuokota, akaupangusa mchanga, akautia mdomoni mwake.

“Na wewe huoni haya?” mtu alimwambia.

“Haya ya nini? Mimi nakula mabaki ya wanangu kila siku ya Mungu. Mnadhani hili tumbo nimelipata wapi?”

Ilikuwa mizaha, na watu waliichukua kama mizaha. Lisiate peke yake ndiye aliyemtazama Inoke akitafuna mpaka akameza.

“Hilo si mwiko,” alisema.

“Lipi?”

“Baba kula cha mtoto.”

Wanaume walitazamana. Hakuna aliyewahi kusikia kwamba ni mwiko. Hakuna aliyewahi kuulizwa. Mwiko unapanda ngazi upande mmoja tu, alisema Sateki baada ya kufikiri, na upande wa kushuka uko wazi.

Jioni ile Lisiate alipika tena magimbi na samaki kwa tui, chakula kilekile, kwa sababu ndicho alichokuwa nacho. Alipakua kwenye sahani moja, ile ya plastiki ya mtoto, akaiweka mbele ya Lupe, naye akakaa chini kwenye mkeka, mikono juu ya magoti, bila kitu mbele yake.

Lupe alisubiri aende kuchukua chakula chake. Hakwenda.

“Baba, chakula chako kiko wapi?”

“Sina.”

“Kimeisha?”

“Hiki chote ni chako.”

Mtoto aliitazama sahani kwa namna nyingine kabisa, kama mtu aliyekabidhiwa duka. Akamtazama baba yake. Aliinua kipande cha gimbi, akakipulizia, kisha, polepole kwa sababu ya koo, akaking'ata pembeni kupima moto. Alitafuna, akameza, akasogea mbele.

“Fungua mdomo.”

Lisiate alifungua.

“Si hivyo. Kubwa.”

Kipande cha pili alikipima vilevile, na cha tatu. Samaki alimtoa miiba kwa vidole vyake, akajaribu kwanza kama kuna iliyobaki, akampa. Pale ambapo aliona nusu yake imekuwa kubwa mno, alisema “hiki changu” akakila chote. Sahani ilipobaki tui tu, alimwuliza kama ameshiba. Lisiate alisema ameshiba. Alikuwa na njaa, alikuwa amepasua mbao tangu asubuhi, lakini alisubiri mpaka mtoto alipolala ndipo akala mkate amesimama.

Ikawa hivyo Jumatano, Alhamisi, Ijumaa. Siku nne si nyingi kwa mtoto aliyekuwa anaumwa.

Jumamosi Kalolaine alishuka kwenye boti akiwa na kikapu cha maandazi na sanduku tupu. Lisiate alikuwa ameshahamia kwenye banda la jiko nyuma ya nyumba, kama inavyompasa mwanamume dada yake akija kulala, na nyumba akamwachia yeye na mtoto. Walisalimiana uani, macho chini. Tangu utotoni hawajawahi kutaniana wala kukaa chumba kimoja kutazama televisheni, na hakuna kati yao anayeona kuna kilichopungua. Nguo za Lupe zilikuwa zimefungwa kwenye shuka, mlangoni, kama alivyoagizwa.

Jumapili, baada ya kanisa, tanuri ya ardhini ilifunuliwa. Kalolaine ndiye aliyeipanga asubuhi: viazi vikuu, kuku, na majani ya magimbi yaliyofungiwa nyama ya kopo na tui. Alimtumia kaka yake fungu lake kule jikoni, kubwa na la heshima, kisha akamketisha Lupe mbele yake, akampakulia.

Lupe aliinuka na sahani.

“Unaipeleka wapi?”

“Kwa Baba. Hajala.”

“Baba yako ana chakula chake, mama. Nimempelekea.”

“Hawezi peke yake,” alisema Lupe, akatoka.

Kalolaine alimfuata. Yeye ni mwalimu na alitaka kuona. Alisimama kwenye mlango wa jiko na kumkuta mdogo wake amekaa chini kwenye udongo, fungu lake la heshima halijafunguliwa, na mtoto amesimama mbele yake anamega nyama. Lisiate alipomwona dada yake alianza kuinuka.

“Kaa chini!” alifoka Lupe. “Itamwagika!”

Akakaa. Uso ulikuwa umemwiva. Mtu mzima, mbele ya dada yake mkubwa, anaamrishwa na mtoto wa miaka minne. Angeweza kusema kwa sauti ya baba, haya, basi, nenda kwa shangazi, na mtoto angekwenda.

“Fungua mdomo,” alisema Lupe.

Alifungua mdomo.

Kalolaine alisema baadaye kwamba alihesabu. Vipande kumi na kimoja, na kila kimoja mtoto alikuwa amekila nusu kwanza. Alirudi nyumbani akala peke yake.

Alasiri, kijiji kikiwa kimelala usingizi wa Jumapili, yeye alikaa kwenye ngazi ya nyumba na kaka yake kwenye kizingiti cha jiko, hatua kama kumi kati yao, kila mmoja amegeukia upande wake. Sateki alikuwa amemfundisha Lisiate jambo moja juu ya mazungumzo magumu: omba unachokitaka kabla hujaeleza unachokiogopa. Lisiate alikuwa amelifanyia mazoezi mbele ya mashine ya kupasulia mbao.

“Dada, mtoto ni wako,” alisema. “Sibishi. Naomba uniachie nikulelee.”

Kalolaine alikuwa anaondoa nyuzi kwenye upindo wa gauni.

“Hujawahi kuniomba kitu tangu uzaliwe.”

“Sikuwa na haja.”

“Muongo. Ulikuwa na haja nyingi, ulikuwa huna mdomo.” Aliukata uzi kwa meno. “Nani amekufundisha kuomba?”

“Wajane wa Jumanne.”

Ilimponyoka, na ilikuwa karibu sana na utani. Wote wawili walitazama pembeni.

“Kesho mizani,” alisema Kalolaine, akaingia ndani.

Jumatatu walikwenda kwa miguu mpaka Ohonua, shangazi mbele, baba hatua tatu nyuma yake na mtoto mkononi. Lupe alipanda mizani mwenyewe. Nesi Toakase aliinama.

“Kumi na tatu nukta nane.”

Mwezi uliopita ilikuwa kumi na nne.

“Lakini siku kumi zilizopita, alipokuwa anaumwa, alikuwa kumi na tatu na robo,” aliongeza nesi haraka. “Ukihesabu kutoka hapo...”

“Sikuuliza ya siku kumi zilizopita,” alisema Kalolaine.

“Ndiyo, Kalo. Ila nasema tu.”

“Ulishasema mengi, Toakase. Leta kadi.”

Lisiate alikuwa anamvisha Lupe ndala. Mguu wa kulia aliuvalisha ndala ya kushoto, na mtoto akamrekebisha. Alisikia dada yake akisoma kadi kwa sauti ya darasani, mstari kwa mstari, jina, tarehe ya kuzaliwa, mpaka penye nafasi ya mlezi, ambapo jina la Meleane lilikuwa limeandikwa kwa kalamu ya bluu.

“Hapa andika mimi.”

Nesi alimtazama Lisiate. Lisiate alitazama sakafu. Kalamu ikalikata jina la zamani, ikaandika jipya.

“Na hapa chini, anakoishi.”

“Nuku'alofa,” alisema nesi, akianza herufi.

“Nimekwambia uandike? Ngoja nikwambie. Petani, Eua. Kwa Lisiate Fonokalafi.”

Nesi alibaki na kalamu hewani. Kalolaine hakumgeukia kaka yake, alizungumza na ukuta uliokuwa na picha ya chanjo.

“Nimemchukua. Kuanzia leo ni wangu, na watu wote waambiwe hivyo, asije mtu akasema nilikuja Eua nikarudi mikono mitupu. Sasa, mtoto wangu nimeamua akae kwako. Nitakuja kila mwezi kumwona akipimwa. Ukimkondesha hutajibu kwa nesi, utajibu kwangu.”

“Ndiyo, dada,” alisema Lisiate. Sauti ilitoka vibaya, akasema tena. “Ndiyo.”

“Na Meleane umpigie leo mwenyewe. Mwambie kadi nimeiandika mimi, asije akasikia kwa huyu.”

“Mimi sisemi kitu,” alisema Nesi Toakase.

Jioni Lisiate alimpigia mkewe. Lupe alikuwa uani na kuku. Kwa miezi mitatu na zaidi, kila Meleane alipouliza mtoto ana kilo ngapi, Lisiate alikuwa akisema mtandao unakatika, na kweli ukakatika, kwa kuwa aliukata yeye. Leo alimwambia yote kwa mpangilio: koo, dada, kadi, jina lake lililofutwa na nyumba ambayo haikubadilika. Alimwambia kumi na tatu nukta nane.

Meleane alianza kulia. Kilikuwa kilio kirefu, cha mtu aliyekuwa amesimama siku nzima kwenye mstari wa kufungasha stroberi. Safari hii Lisiate hakuukata mtandao. Alibaki na simu sikioni mpaka mkewe alipomaliza.